Kisanduku cha "Hapana": Madeni Yangu na Kibali cha Usalama cha Marekani

Mwaka 2018, kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ya ufundi wa mitandao ya kompyuta kaskazini mwa Virginia ilinitaka niombe kibali cha usalama, yaani idhini ya serikali ya Marekani inayomruhusu mtu kufikia taarifa za siri. Kibali hicho kina ngazi tatu, na kazi niliyokuwa nikiitaka ilihitaji ile ya kati, inayoitwa Secret. Kwa wiki nzima hofu yangu ilikuwa moja tu: kwamba nimezaliwa Tanga, mama yangu yuko Tanga, na nusu ya majina yaliyomo kwenye simu yangu ni ya watu ambao hawajawahi kukanyaga Marekani. Nilikuwa raia tangu 2011, na sheria haimtengi raia wa kuandikishwa na raia wa kuzaliwa katika jambo hili, lakini moyo haukutulia. Madeni sikuyafikiria hata kidogo. Ninaandika haya kwa sababu niliiweka hofu yangu mahali pasipo pake, na ninawaona ndugu zetu wengi, Watanzania, Wakenya na Wakongomani wa huku, wakiiweka papo hapo.

Fomu yenyewe inaitwa SF-86 na ina kurasa zaidi ya 100. Sehemu ya jamaa ilinichukua jioni mbili, kwa kuwa kwetu mtu ana baba mkubwa, baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo, na wote hao nimewaita baba na mama tangu nikiwa mtoto. Fomu haiwajui kwa majina hayo. Inataka wazazi waliokuzaa au kukulea, ndugu zako wakiwemo wa mzazi mmoja, watoto, na wazazi wa mwenzi wako; wengine wote, kama mna ukaribu wa mapenzi na mnawasiliana, wanaingia katika sehemu nyingine ya marafiki na jamaa walio raia wa nchi za nje. Tarehe ya kuzaliwa ya mama yangu haijulikani hata na yeye mwenyewe. Nilimpigia simu, akaniambia, "Mwanangu, mimi nilizaliwa wakati wa masika, mwaka waulize waliokuwepo." Kwa bahati njema fomu ina alama ya kuonyesha kwamba jibu ni la kukadiria. Nikakadiria, nikaweka alama, nikaendelea.

Kisha kuna swali ambalo kila mmoja wetu anapaswa kulisoma polepole. Linauliza kama umewahi wakati wowote kumpa msaada wa fedha mtu asiye raia wa Marekani. Halikuwekewa mipaka ya miaka saba kama mengine; linasema umewahi. Sisi ambao kila mwezi tunatuma ada za shule, dawa, mchango wa harusi na mchango wa msiba hatuhesabu mambo hayo kuwa "msaada wa fedha kwa raia wa kigeni." Tunayahesabu kuwa ni wajibu. Niliandika yote: dola 200 kwa mwezi kwa mama, gharama za baba, ada ya binti wa mama mdogo. Niliandika pia kiwanja changu cha Tanga na akaunti ndogo ya benki ya huko niliyokuwa nikiitumia kulipa mafundi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililowahi kunisumbua baadaye. Aliyenihoji aliyapitia kwa dakika chache, akauliza kama kuna jamaa anayefanya kazi serikalini au jeshini, akaendelea na mengine.

Kilichonisumbua kilikuwa sehemu ya 26, ile ya fedha.

Lazima niseme nilikuwa nadaiwa nini. Mwaka 2013 nilimdhamini mdogo wangu, aliyekuwa akiishi Ohio, akachukua gari kwa mkopo. Nyumbani mdhamini ni mtu anayesimama nyuma ya mkopaji, na hutafutwa pale tu mkopaji anapokimbia. Huku aliyetia sahihi pamoja na mkopaji ni mdaiwa kamili tangu siku ya kwanza, na deni lote linaandikwa kwenye jina lake. Mdogo wangu alipoteza kazi, gari likachukuliwa mwaka 2015, likauzwa kwa mnada, na pengo la dola 9,760 likabaki kwetu sote wawili. Kati ya 2014 na 2015 ndoa yangu ilivunjika, na baba yangu alikuwa akisafishwa damu jijini Dar es Salaam mara tatu kwa wiki kwa sababu ya figo. Nilitumia kadi mbili za mikopo kwa ajili yake mpaka alipofariki: moja ikafika dola 6,200, nyingine dola 4,350. Kulikuwa pia na bili ya hospitali ya mwanangu, dola 1,140, iliyouzwa kwa kampuni ya kukusanya madeni. Na kwa kuwa nilijua kwamba nitadaiwa kodi ya mapato nisiyo na uwezo wa kuilipa, sikuwasilisha hesabu zangu za kodi kwa miaka miwili, 2015 na 2016. Hilo la mwisho halikuwa na kisingizio chochote. Ukiwa huna cha kulipa bado unatakiwa uwasilishe hesabu, kisha uombe kulipa kidogo kidogo.

Sehemu ya 26 inauliza, miongoni mwa mengine, kama katika miaka saba iliyopita umeshindwa kuwasilisha au kulipa kodi, na kama una deni lililopitiliza siku 120. Ilikuwa usiku wa Ijumaa. Niliweka alama kwenye kisanduku cha "Hapana" mara mbili. Siwezi kusema sikulielewa swali, kwa maana nilikaa mbele yake kwa muda mrefu. La gari nilijiambia kwamba anayedaiwa ni mdogo wangu. La kadi nilijiambia kwamba ni mambo ya msiba. La kodi sikujiambia kitu. Niliweka alama tu, nikathibitisha kwa sahihi ya kompyuta chini ya maelezo yanayosema wazi kwamba kudanganya kwenye fomu ile ni kosa la jinai linaloweza kumfunga mtu hadi miaka mitano, nikalala.

Nimelelewa katika nyumba ambayo deni halizungumzwi. Baba yangu alikuwa akilipa madeni yake usiku, akipita kwa mwenye duka baada ya Isha ili majirani wasimwone. Deni lilikuwa aibu, na aibu husitiriwa. Ndiyo adabu niliyofundishwa, na ninaiheshimu mpaka leo. Lakini serikali inayokupima kama unaweza kuaminiwa na siri zake inaangalia kusitiri kwako kwa jicho tofauti kabisa.

Jumapili yake nilikwenda kumtembelea mzee mmoja wa Mombasa, mstaafu wa jeshi la majini la Marekani, ambaye watu wetu wa Silver Spring humwendea kwa ushauri. Nilimweleza nilichofanya kana kwamba namsimulia habari za mtu mwingine, naye hakujifanya kwamba hakuelewa. Aliniambia, "Mwanangu, mficha maradhi kifo humfichua. Mpelelezi atachukua ripoti yako ya mikopo kabla hajakupigia simu. Deni lako analijua. Asilolijua ni kama wewe ni mtu wa kumwambia." Akaniuliza kama nimewahi kuiona ripoti hiyo mwenyewe. Sikuwahi. Kampuni tatu kubwa zinazohifadhi kumbukumbu za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, zinatakiwa kisheria kukupa nakala bila malipo, na mimi nilikuwa nimekaa Marekani miaka 14 bila kuomba hata moja.

Jumatatu asubuhi nilimwendea afisa wa usalama wa kampuni. Fomu ilikuwa imekwishatumwa. Alinishauri niandike maelezo ya kusahihisha, niyape tarehe, nimkabidhi, kisha niyarudie kwa mdomo mbele ya mpelelezi kabla hajaniuliza lolote kuhusu fedha. Niliandika kurasa mbili. Mkono ulinitetemeka kwenye mstari wa kodi kuliko mahali pengine popote.

Ushauri ule wa kusema kabla ya kuulizwa una uzito ambao sikuujua siku ile. Maamuzi ya vibali vyote yanafuata miongozo 13 iliyopewa herufi A hadi M, ambayo toleo lake la sasa lilianza kutumika tarehe 8 Juni 2017. Mwongozo E unahusu mwenendo wa mtu: uongo, kuficha, kuvunja ahadi na kanuni, kuwa na jambo ambalo mtu mwingine anaweza kulitumia kukutisha. Mwongozo F unahusu fedha. Kila mwongozo unataja mambo yanayomharibia mwombaji na mambo yanayompunguzia uzito wa kosa. Katika Mwongozo E, jambo la kwanza linalopunguza uzito ni kwamba mtu alifanya juhudi za haraka na za nia njema kusahihisha alichoficha kabla ya kukabiliwa na ukweli. Neno "kabla" ndilo linalobeba kila kitu hapo. Mtu akisahihisha baada ya mpelelezi kumwekea ripoti mezani, ameungama tu kile kilichokwisha kujulikana.

Mwongozo F nao hausemi kwamba maskini haaminiki. Unasema kwamba mtu asiyelipa anachodaiwa anaweza kuwa anaonyesha udhaifu wa kujitawala, na kwamba aliyezidiwa na madeni yuko katika hatari kubwa zaidi ya kutafuta fedha kwa njia haramu. Wamarekani hawakulitunga wazo hilo hewani. Aldrich Ames, afisa wa shirika la ujasusi la CIA, alikuwa amebanwa na madeni na gharama za talaka alipojipeleka kwa Wasovieti mwaka 1985 akitaka dola 50,000. Hadi anakamatwa Februari 1994 alikuwa amenunua nyumba ya dola 540,000 huko Arlington kwa fedha taslimu, ilhali mshahara wake haukufika dola 70,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mwongozo unaangalia pande zote mbili, deni lisilolipwa na utajiri usio na maelezo. Niliposoma habari zake nilielewa kwa nini bili ya hospitali ya mtoto inamhusu mtu anayelinda nchi, hata kama mimi nisingeuza siri ya mtu yeyote kwa dola 1,140 wala kwa milioni.

Mwaka 2018 maombi zaidi ya 700,000 yalikuwa yamerundikana yakisubiri uchunguzi, hivyo nilihojiwa Novemba. Muda huo niliutumia. Niliwasilisha kodi za miaka yote miwili, nikakuta nadaiwa dola 3,310, nikakubaliana na idara ya kodi kulipa kila mwezi. Nilikwenda kwa mshauri wa fedha wa shirika lisilo la faida, akanifundisha kuandika bajeti ya nyumba iliyo na mstari wa "nyumbani Tanga" kama ulivyo mstari wa kodi ya nyumba, kwa maana nilipouficha hata katika hesabu zangu mwenyewe sikujua kwamba ulikuwa unakula karibu robo ya mshahara. Deni la gari nilijadiliana na waliolinunua deni hilo, wakakubali dola 6,000 badala ya 9,760, kwa malipo 30 ya dola 200, kuanzia Januari 2019. Mdogo wangu alichangia alipoweza. Mara nyingi hakuweza.

Jamaa mmoja alinishauri nisilipe chochote. Alisema deni baya huondoka kwenye ripoti ya mikopo baada ya miaka saba, basi nivumilie tu. Kama ningekuwa naomba mkopo wa nyumba, labda. Kwa kibali, ushauri huo ni sumu. Ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayosikiliza mashauri haya, iitwayo DOHA, huchapisha maamuzi yake kwa umma baada ya kuondoa majina, na nilisoma mengi usiku baada ya mwanangu kulala. Tena na tena mahakimu wake wanasema jambo lilelile: deni kufutika kwenye ripoti, au kupitwa na muda wa kushtakiwa, hakuonyeshi kwamba mdaiwa alitimiza wajibu wake. Wanaangalia mwenendo. Niliona mtu aliyekuwa na deni kubwa kuliko langu mara nne akipewa kibali kwa sababu alikuwa na risiti za miaka mitatu, na mwingine mwenye deni dogo akinyimwa kwa sababu aliahidi tu kwamba ataanza kulipa.

Februari 2020 nilipokea waraka wa sababu, yaani barua rasmi inayoeleza kwa nini serikali haiwezi kusema kwamba kunipa kibali kunalingana waziwazi na maslahi ya taifa. Ulikuwa na aya sita chini ya Mwongozo F na aya moja chini ya Mwongozo E. Mwombaji ana siku 20 za kujibu, aya kwa aya, kwa kiapo, akikiri au akikana, na anachagua kama anataka uamuzi utolewe kwa maandishi au asikilizwe na hakimu. Nilikiri zote saba. Nikaomba kusikilizwa. Naomba nieleweke hapa: si kila mtu anahitaji kwenda mbele ya hakimu, lakini shauri linalohusu ukweli wa mtu ni gumu kulipima kwenye karatasi tupu, na nilitaka anayeamua anione ninavyojibu.

Janga la korona lilichelewesha kila kitu, hivyo shauri langu lilisikilizwa kwa video mnamo Juni 2021. Nilikuwa na mkoba wa nyaraka: hesabu za kodi, risiti za gari, taarifa za benki za kadi mbili, cheti cha talaka, cheti cha kifo cha baba, barua za wasimamizi wangu wawili. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwombaji, na mwongozo unasema shaka yoyote itaamuliwa kwa upande wa usalama wa taifa; Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kusema mwaka 1988, katika shauri la Egan, kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kupata kibali. Nililijua hilo. Hata hivyo wakili wa serikali hakunitukana wala kunitega. Aliuliza juu ya fedha kwa nusu saa. Kisha akauliza kwa nini niliweka alama ya "Hapana."

Nilikuwa nimeandaa jibu refu kuhusu talaka na msiba. Sikulitumia. Nilisema kwamba nilijua jibu la kweli, nikaona aibu, nikasema uongo siku ya Ijumaa, na kwamba siku ya Jumatatu niliandika barua kwa sababu sikuweza kuishi nao. Hakimu aliuliza kama kuna mtu aliyenitisha au kunionyesha ripoti kabla ya barua ile. Nilisema hapana, na safari hii neno hilo lilikuwa kweli. Aliuliza pia kwa nini nilianza kulipa baada ya kujaza fomu na si kabla. Swali hilo lilikuwa la haki na halikuwa na jibu zuri. Nilikiri kwamba fomu ndiyo iliyoniamsha. Aliacha jalada wazi kwa wiki mbili ili nitume risiti ya malipo ya 30 ya gari, ambayo nilikuwa naifanya mwezi uleule.

Septemba uamuzi ulikuja. Aliandika kwamba talaka, ugonjwa na kifo havikuwa katika uwezo wangu, na kwamba nilichelewa lakini nikafanya yaliyotakiwa. Kuhusu kodi alikuwa mkali, akasema lilikuwa jambo ambalo peke yake lingeweza kuninyima kibali kama nisingekuwa nimelipa yote. Kuhusu Mwongozo E, aliiegemea ile barua ya Jumatatu kuliko kitu kingine. Kibali nilipewa.

Mwenzangu mmoja kazini, tuliyeomba mwaka mmoja, alinyimwa. Hakuwa na deni la kutisha. Aliwahi kufukuzwa kazi kwa kuandika saa ambazo hakufanya, akajaza kwamba aliacha mwenyewe, na alipohojiwa akashikilia hivyo mpaka alipoonyeshwa barua ya kufukuzwa. Aliyekataliwa anaweza kuomba tena baada ya mwaka, lakini kampuni haikumsubiri. Niliumia kwa ajili yake, kwa sababu kosa lake na langu lilikuwa moja, na tofauti yetu ilikuwa siku tatu.

Kibali hakiishii siku ya kupewa. Zamani mwenye Secret alichunguzwa upya baada ya miaka 10. Sasa kumbukumbu za mikopo na za polisi zinaangaliwa na mfumo wakati wote, na mwenyewe unatakiwa kuripoti deni linalopitiliza siku 120, kukamatwa, na safari za nje kabla hujaondoka. Ninapokwenda Tanga humwandikia afisa wa usalama kwanza, ndipo ninanunua tiketi.

Mwaka 2022 mdogo wangu, ambaye naye sasa ni raia, alinipigia simu akitaka nimdhamini tena, safari hii kwa nyumba. "Dada, mambo yangu yamekaa sawa," akasema, na nadhani alisema kweli. Nilimkatalia. Alikaa miezi minne bila kunipigia, na mama alinilaumu kwa hilo. Alipopiga tena hakuutaja mkopo. Alikuwa ameahidiwa kazi katika kambi moja ya jeshi, amepewa SF-86 aijaze, na alitaka kujua kama risiti za lile gari bado ninazo. Nilimtumia zote 30 usiku uleule, pamoja na nakala ya barua yangu ya Jumatatu.